Gari la Mabomba Lisilotulia: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Gari la Michezo Lililojengwa Gereji

Gari dogo la viti viwili, lenye fremu ya mabomba ya pembe nne na injini iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa, si wazo jipya. Lotus ya Uingereza ilianza kuuza gari lake aina ya Seven mwaka 1957, mengine yakiuzwa vipande vipande ili mnunuzi ayaunge mwenyewe nyumbani, na tangu mwaka 1973 Caterham ndiyo inayoendeleza umbo hilo. Sisi tumelijenga Kizota, Dodoma, kwa bomba la milimita 25 kwa 25 linalouzwa kwa ajili ya mageti na madirisha, na kwa matumbo ya Toyota Mark II GX100, gari ambalo kila fundi wa hapa amewahi kulifungua.

Maelezo haya ni kwa mtu ambaye gari lake limekwisha kuwaka na kutembea, lakini lina jambo linalomkosesha raha. Kwa muda wote niliofanya kazi hii nimeona kwamba spea zilizotoka katika gari lililochinjwa, ambalo hapa nitaliita gari mama, mara nyingi huwa nzima, na kilicho kibovu ni makazi yake mapya. Springi iliyozoea kubeba gari la zaidi ya tani moja na robo sasa imefungwa katika gari la kilo 700. Rejeta iliyokuwa sambamba na kichwa cha injini sasa iko chini yake. Propela ndefu ya vipande viwili imekatwa ikawa fupi ya kipande kimoja. Kwa hiyo, kabla ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta spea nyingine, inafaa kujiuliza kifaa hicho kilikaaje katika gari mama, na sasa kimekaaje.

Vipimo vinavyotangulia

Hakuna dalili inayoweza kufasiriwa vizuri ikiwa gari limesimama kwenye sakafu iliyoinama, na sakafu nyingi za gereji zetu zimeinama. Chombo bora cha kusawazisha ni ule mpira mwembamba wa maji ambao mafundi ujenzi huutumia kuhamisha usawa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine: shika ncha moja kwenye tairi la mbele kulia, nyingine kwenye tairi la nyuma kushoto, kisha weka vipande vya mabati chini ya matairi mpaka yote manne yawe katika usawa mmoja. Baada ya hapo weka uzito wa dereva kwenye kiti. Mfuko mmoja wa saruji na nusu yake ni kilo 75, na hautikisiki wala haudai chai.

Upepo wa matairi nao urekebishwe mapema. Gari mama lilitembea kwa psi 30 au zaidi, lakini gari la kilo 700 likijazwa hivyo litaruka kama mpira kwenye kila kokoto, na utatafuta ugonjwa kwenye springi bure. Anza na psi 18 hadi 22, kisha uendelee na mengine.

Gari linavuta upande mmoja

Kwanza tambua linavuta wakati gani. Likivuta unapokanyaga breki tu, nenda kwenye sehemu ya breki hapa chini. Likivuta upande mmoja unapokanyaga mafuta na upande wa pili unapoachia, ekseli ya nyuma inajigeuza yenyewe, na chanzo huwa ni bushi za amu za nyuma (mikono inayoshikilia magurudumu kwenye fremu) zilizolegea au bolti iliyokaa katika tundu lililopanuka. Likivuta muda wote, badilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia. Ikiwa mvuto umehama, tatizo ni tairi, na umeokoa siku nzima ya kazi.

Usipohama, endesha kilomita tano bila kutumia breki sana, kisha karibisha kiganja kwenye rimu moja moja. Rimu yenye joto kuliko mwenzake inaonyesha kalipa, yaani kibano cha breki, inayong'ang'ania. Rimu zote zikiwa na joto moja, hapo ndipo fremu inapoanza kushukiwa.

Shusha timazi kutoka katikati ya kila gurudumu mpaka sakafuni, weka alama ya chaki, kisha sogeza gari pembeni na upime zile alama nne. Umbali wa mbele hadi nyuma upande wa kulia unapaswa kulingana na wa kushoto, tofauti isizidi milimita 3, na mishazari miwili ikaribiane vivyo hivyo. Zisipolingana, sababu ya kawaida ni kuchomelea. Chuma kilichoyeyuka hunywea kinapopoa, na kikinywea huvuta bomba kuelekea upande uliochomelewa. Anayemaliza upande mmoja wote kabla ya kugeukia mwingine atapata fremu iliyopinda kama upinde, hata kama aliikata kwa vipimo sahihi kabisa. Baadhi ya mafundi hutibu hali hii kwa kupanua tundu la bolti ili amu isogee. Njia hiyo siikubali hata kidogo, kwa sababu tundu lililopanuliwa litateleza siku utakayopiga shimo, na gari litaanza kuvuta upya kwa kiasi kingine. Kata kishikio cha amu, kifunge kwa klempu mahali panapotakiwa, pima mara mbili, kisha ukichomelee upya kwa vipande vifupi vya pande zote mbili kwa kupokezana.

Vipimo vikikubaliana lakini gari bado linavuta, linganisha mwinamo wa magurudumu ya mbele. Gari huelekea upande ambao gurudumu limeinamisha kichwa chake nje zaidi, na pia upande ambao boljointi ya juu imelala nyuma kwa kiasi pungufu kuliko ya upande wa pili.

Usukani unashtuka kwenye matuta na mabonde

Hii ndiyo hitilafu iliyotusumbua kuliko zote. Barabara ya kwenda Msalato tuliijaribu kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa, mikono ikiwa imetulia kwenye usukani, na kila tulipopita sehemu iliyobonyea gari lilihamia upande kwa upana wa kiganja kabla ya kurudi. Tulibadilisha tairodi endi, tukabadilisha boljointi za chini, tukapeleka gari kwenye alaimenti mara mbili. Vipimo vya alaimenti vilikuwa sahihi kila mara, na gari liliendelea kuhama vilevile.

Sababu ni kwamba alaimenti hupimwa gari likiwa limesimama, ilhali ugonjwa huu huonekana gurudumu likipanda na kushuka. Amu ya juu na ya chini huzunguka kwenye egemeo zao za ndani, na tairodi huzunguka kwenye ncha ya raki, yaani mhimili wenye meno unaosogezwa na usukani. Mizunguko hiyo mitatu isipoelewana, tairodi husukuma au kuvuta gurudumu lijigeuze lenyewe wakati usukani umeshikwa sawasawa. Katika gari mama, kiwanda kilipanga mahali pa raki kwa uangalifu mkubwa. Mjenzi anapoihamishia kwenye fremu yake, huifunga mahali palipo na nafasi, mara nyingi kwa kukwepa sampu ya injini.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Pandisha fremu kwenye stendi ikae katika kimo chake cha kawaida, toa springi na shokapu ya upande mmoja, weka raki katikati na uifunge isisogee. Funga ubao ulionyooka kwenye disiki ya breki, kisha simamisha ubao wa pili pembeni yake ulioshikiliwa imara sakafuni. Panda na jeki kwa hatua za milimita 10, kuanzia milimita 50 chini ya kimo cha kawaida hadi milimita 50 juu yake, na katika kila hatua pima pengo kati ya mbao hizo kwenye ncha ya mbele na ncha ya nyuma. Tofauti ya mapengo hayo mawili ndiyo inayoonyesha gurudumu limejigeuza kiasi gani. Andika namba daftarini, chora mchoro, na usome umbo lake.

Umbo hilo ndilo linalotaja ugonjwa. Ikiwa gurudumu linaangalia nje linapopanda na linaangalia ndani linaposhuka, au kinyume chake, mchoro utakuwa mstari ulioinama, na maana yake ni kwamba raki iko juu mno au chini mno. Ikiwa gurudumu linageukia upande uleule linapopanda na linaposhuka, mchoro utapinda kama upinde, na hapo kosa liko katika urefu wa tairodi, yaani raki ni pana mno au nyembamba mno kwa fremu hiyo. Mara nyingi yote mawili huwapo kwa pamoja, mstari ukiwa umeinama na kupinda. Rekebisha kwanza mwinamo.

Mwinamo hurekebishwa kwa washa. Weka au toa unene wa milimita 3 chini ya vishikio vyote viwili vya raki, pima tena, na uendelee kuelekea upande unaopunguza namba. Katika gari letu, gurudumu lilijigeuza milimita 9 likipanda 50; tulipoinua raki kwa milimita 6 kosa likabaki chini ya milimita 2, na gari likanyooka. Kazi yote ilichukua mchana mmoja na washa nane, baada ya wiki tatu za kununua spea.

Upinde ni mgumu zaidi. Kanuni yake ni kwamba kiungo cha ndani cha tairodi kinapaswa kukaa kwenye mstari unaounganisha egemeo za ndani za amu ya juu na ya chini, na raki ya gari pana kama Mark II ikifungwa kwenye fremu nyembamba hupitiliza mstari huo. Dawa ni kutafuta raki ya gari dogo zaidi au kupanua umbali wa egemeo za amu kwenye fremu. Wapo wanaokata mhimili wa raki na kuuchomelea ukiwa mfupi. Chuma hicho kimekomazwa kwa moto kiwandani, na ukikichomelea pale unapokata kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Usukani uliokatika ukiwa kwenye spidi hauna cha kutengeneza tena. Sishauri.

Dalili inayofanana na hii, lakini isiyo hii, ni gari linalorukaruka kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi bila kuhama upande. Hapo usukani hauna kosa. Ni springi za gari mama ambazo ni ngumu kupita kiasi. Kumbuka pia kwamba springi iliyofungwa katikati ya amu haifanyi kazi kwa ugumu wake wote: ikiwa springi inabonyea milimita 7 kwa kila milimita 10 za gurudumu, ugumu unaofika kwenye gurudumu ni 0.7 mara 0.7, karibu nusu ya ule ulioandikwa. Kwa hiyo, kusogeza kishikio cha shokapu sentimita chache kunaweza kulainisha gari bila kununua springi mpya.

Mtetemo unaoongezeka na spidi

Ukianza kusikia mtetemo kwenye kiti kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa, ondoa gia, liachie gari litembee lenyewe. Mtetemo ukiondoka mara injini inapopungua mzunguko, angalia mauntini za injini na klachi. Ukibaki na kupungua taratibu pamoja na spidi, uko kwenye magurudumu au propela. Magurudumu yasiyobalansiwa mara nyingi hutikisa usukani. Propela hutikisa kiti na kioo cha ndani.

Propela iliyofupishwa ina makosa matatu ya kawaida. La kwanza ni kwamba haikubalansiwa baada ya kukatwa. La pili ni fundi kuchomelea ncha zake bila kuangalia krosi za mbele na za nyuma zilikuwa zimepangana vipi. Uma wa mbele na wa nyuma vinapaswa kulala katika usawa mmoja, na ukikosea hata nyuzi chache gari litatetema tangu siku ya kwanza. La tatu, ambalo ndilo la wajenzi wa fremu hasa, ni pembe. Giaboksi ikiinamisha mkia wake nyuzi 3 kuelekea chini, basi pua ya difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, nayo inapaswa kuinuka nyuzi 3, ili shafti ya giaboksi na ile ya difu ziwe sambamba ingawa propela iliyo kati yao imelala mshazari. Mjenzi aliyefunga difu kwa kuielekeza moja kwa moja kwenye giaboksi, akidhani kunyooka ndiko kuzuri, amevunja kanuni hiyo. Pima kwa kipimo cha pembe cha fundi seremala, kisha ongeza washa chini ya mauntini ya giaboksi mpaka tofauti iwe chini ya digrii moja.

Injini inachemka

Dodoma iko kwenye kimo cha takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji ya kawaida yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta chenye shinikizo hupandisha kiwango hicho hadi zaidi ya 110, na ndiyo maana kifuniko kilichochoka, ambacho Dar es Salaam huenda kisingeonyesha dalili, huku kinafichuliwa mapema. Anza nacho kwa sababu ni cha bei ndogo.

Kabla ya kifuniko lakini, washa taa kubwa ukiwa umesimama na uangalie mshale wa joto. Ukipanda mara tu taa zinapowaka, injini haijachemka. Athi ya dashibodi ni mbovu na geji inadanganya. Hili limewafanya watu wafungue kichwa cha injini isiyo na kosa.

Ikiwa joto ni la kweli, uliza linapanda wapi. Likipanda kwenye foleni ya mjini na kushuka barabara kuu, tatizo ni feni. Feni ya umeme ikiunganishwa waya kinyume hugeuka kinyume na kusukuma hewa mbele, ikipigana na upepo wa barabarani. Weka karatasi mbele ya rejeta gari likiwa limesimama, na kama haivutwi ikanata, badilisha waya. Likipanda barabara kuu na kutulia mjini, hewa haipiti kwenye rejeta hata kama pua ya gari ina tundu kubwa. Hewa hufuata njia rahisi, na pengo la vidole viwili kati ya rejeta na bodi ni mlango ulio wazi kabisa ukilinganisha na mapezi ya rejeta. Ziba pembeni, juu na chini kwa mabati mepesi na raba. Kisha hakikisha hewa ina pa kutokea nyuma ya injini, kwa kuwa boneti iliyofungwa pande zote ikishajaa hewa haipokei nyingine. Sisi tulibandika nyuzi fupi za katani juu ya boneti, rafiki akaendesha pikipiki kando akizitazama. Zilizokuwa juu ya matundu tuliyodhani yanatoa hewa zilikuwa zimeingia ndani.

Chanzo cha tatu ni hewa iliyonaswa, na hiki ni cha magari haya hasa kwa sababu pua ya gari ni fupi na rejeta imelazimika kukaa chini ya kichwa cha injini. Ukijaza maji kwa mdomo wa rejeta, yatasimama kwenye usawa wa rejeta, na sehemu ya juu ya injini itabaki na hewa. Dalili yake ni mshale unaopanda, kuanguka ghafla, kisha kupanda tena, kwa sababu sensa wakati mwingine imezungukwa na mvuke badala ya maji. Tiba ya kudumu ni chupa ya shinikizo iliyofungwa mahali pa juu kuliko sehemu zote, kwa kawaida kwenye ukuta wa nyuma wa injini, kifuniko kiwe juu yake. Mpira mnene ushuke kutoka chini ya chupa hadi upande ambao pampu inavuta, na mpira mwembamba utoke sehemu ya juu kabisa ya injini kurudi kwenye chupa. Kwa leo tu, egesha gari pua ikiwa imepanda mlima na ujaze polepole.

Kiangazi kinapoanza na upepo wa vumbi, mapezi ya rejeta iliyo karibu na ardhi hujaa udongo na majani makavu kwa haraka. Yaoshe kwa maji kutoka nyuma kuelekea mbele, maana ukiyapiga kutoka mbele unaukandamiza uchafu ndani.

Breki

Pedali laini inayozama ni hewa ndani ya mabomba, na kila fundi anajua kuitoa. Kinachoshangaza ni hewa isiyotoka. Jioni moja tulikuwa tumetumia nusu lita ya mafuta ya breki, kijana wetu akiwa amechuchumaa na mpira wa dripu uliotumbukizwa kwenye chupa ya maji, na pedali bado ilikuwa kama sifongo.

"Mzee, mapovu hakuna, mafuta yanatoka safi tupu," alisema.

Niliinama nikaangalia kalipa kwa tochi. Skrubu ya kutolea hewa ilikuwa upande wa chini na mpira wa mafuta upande wa juu. Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri kabisa, bolti zinakubali, lakini hewa hukaa juu ya tundu na haiwezi kutoka hata ukimaliza galoni. Tulizibadilishana, na pedali ikakaza baada ya kukanyagwa mara sita.

Hewa ikiwa imetoka yote na pedali bado inazama kidogo, mwambie mtu akanyage kwa nguvu wakati wewe unatazama ukuta ambao masta silinda imefungwa. Katika gari mama ukuta huo ni bati lililokunjwa na kuimarishwa. Katika gari la mabomba huenda ni bati tambarare la milimita 1.5. Ukiuona unasukumwa mbele, ongeza bomba la mshazari nyuma yake.

Pedali iliyo ngumu kama jiwe hutokana na kuondoa busta, kifaa kinachosaidia nguvu ya mguu, bila kubadilisha masta silinda. Wajenzi wengi huiacha busta kwa kukosa nafasi, na kwa gari jepesi hakuna ubaya, ila silinda ya gari mama ilipangiwa msaada wa busta. Ukitoka kwenye silinda ya kipenyo cha milimita 25.4 hadi ya milimita 19, shinikizo linaongezeka kwa karibu asilimia 79 kwa nguvu ileile ya mguu, na pedali nayo inasafiri zaidi kwa kiwango hichohicho. Hakikisha basi kwamba ina nafasi ya kusafiri kabla ya kugonga sakafu.

Matairi ya nyuma yakifunga kabla ya ya mbele, usiendeshe gari hilo barabarani hata kwenda dukani, kwa kuwa mkia utapita mbele. Lijaribu uwanja mtupu kwa spidi ya kilomita 30, mtu akisimama pembeni kutazama tairi lipi linaburuza kwanza. Chanzo cha kawaida ni vali ndogo ya kupunguza shinikizo la nyuma, ambayo ilibaki kwenye mzoga wa gari mama mabomba yalipokatwa. Irudishe au funga inayorekebishika.

Umeme

Gari la mabomba lililopakwa rangi vizuri ni gari lisilo na athi. Rangi haipitishi umeme, na mjenzi hufunga waya juu yake kwa furaha. Indiketa zinazopumua unapokanyaga breki, stata inayozunguka kwa uvivu wakati betri imejaa, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) inayozima injini bila mpangilio ni watoto wa mama mmoja. Weka mita kati ya chuma cha injini na kichwa hasi cha betri, mtu apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.5, kwangua rangi, funga waya mnene kutoka injini hadi fremu na kutoka fremu hadi betri.

Injini ikiwa na taa ya hitilafu, Toyota za kipindi hicho zenye kisanduku cha uchunguzi huweza kusomwa kwa kuunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa. Taa itapepesa namba ya kosa. Na kila unapotaka kuchomelea chochote baada ya umeme kufungwa, chomoa betri na kontroli boksi kwanza.

Kukohoa kwenye kona na upungufu wa nguvu

Injini inayokohoa kwenye kona ndefu tangi likiwa chini ya nusu imekosa petroli kwa sekunde moja. Tangi la kiwandani lina kibakuli kinachozunguka pampu. La bati ulilolitengeneza mwenyewe halina. Kata ubavu, weka kisanduku chenye matundu madogo chini yake, lakini kwanza lioshe tangi na ulijaze maji kabla ya moto kulikaribia.

Upungufu wa nguvu wa karibu asilimia 12 ukilinganisha na pwani ni hali ya hewa nyembamba ya kimo hiki na hauna tiba. Anayetumia injini ya kabureta iliyopangwa Dar es Salaam ataona plagi nyeusi zenye masizi, apunguze jeti.

Nyufa kwenye fremu

Ufa hauanzii katikati ya bomba. Huanza ukingoni mwa mchomeleo, hasa pale kishikio kinene cha milimita 4 kilipounganishwa na bomba la milimita 1.5, kwa kuwa fundi alilenga joto linalofaa kwa kishikio na akaunguza bomba, au alilinda bomba na kishikio kikashikwa kwa juu juu tu. Kabla ya kulaumu mkono wake, pima bomba lenyewe kwa venia. Tumewahi kuuziwa mabomba yaliyoitwa ya 1.5 ambayo yalisoma 1.2, na tofauti hiyo ni sehemu ya tano ya chuma chote.

Ufa unaorudi mahali palepale baada ya kuzibwa una chanzo kingine, nacho ni fremu inayojikunja. Umbo la mabomba lenye pande nne bila mshazari hubadilika kama fremu ya dirisha iliyopigiliwa msumari mmoja kila kona, na mzigo wote huishia kwenye michomeleo. Weka stendi mbili chini ya fremu nyuma, kisha pandisha kona moja ya mbele kwa jeki. Fremu ngumu itainua kona ya pili karibu mara moja. Fremu laini itajipinda sentimita nzima kabla kona ya pili haijasogea. Tafuta chumba kisicho na mshazari, kwa kawaida kile cha injini ambako bomba lilitolewa ili injini iingie, na ulirudishe bomba hilo kwa bolti ili liweze kutolewa siku ya kushusha injini.

Ufa wenyewe utoboe ncha yake kwa drili ya milimita 3 usiendelee, ukwanguliwe kwa grainda hadi mwisho wa kina chake, uchomelewe, kisha uwekewe bamba la umbo la pembetatu juu ya kiungo. Usipake rangi nzito mahali hapo. Paka chokaa nyeupe, endesha kilomita 500, na uangalie kama mstari mwembamba wa kutu umejitokeza.